Kuvuka Alps kwa baiskeli yenye mizigo: anza na bonde, kilele baadaye

MnyongaPedali

Wakuu, salaam.

Kila mtu akiuliza njia ya kuvuka milima ya Alps kwa baiskeli, majibu ni yale yale: picha za barabara ya Stelvio kule Italia, kona 48, mita 2,757, "lazima uipande kabla hujafa". Sawa. Lakini mwulize huyo huyo alifikaje chini ya huo mlima, atakujibu "nilipita tu bondeni". Hiyo "tu" ndiyo imenifanya nifungue uzi.

Msimamo wangu ni huu: kwa msafiri mwenye mizigo, safari inaamuliwa na bonde. Kipito, yaani pale barabara inapovuka mgongo wa mlima, unakipanda asubuhi moja na habari imeisha. Bonde utakaa nalo siku kadhaa, likupige upepo wa uso, likubane na malori, likupandishe na kukushusha mahali ambapo ramani inaonyesha mto umelala tu. Kwa hiyo mimi nikichora njia naanza na mito. Nauliza mto gani unanifikisha wapi, na juu kabisa ya huo mto kuna mlango gani wa kuingilia bonde la pili.

Chukueni kipito cha Maloja kule Uswisi, mita 1,815, kinachounganisha bonde la Inn na bonde la Bregaglia. Ukitokea St. Moritz hakuna mlima wa kupanda. Mji wenyewe uko juu sawa na kipito. Unanyonga kando ya maziwa, barabara imetulia, unaanza kujiuliza kipito chenyewe kiko wapi, halafu ghafla ardhi inakatika mbele yako na kona zinaanza kuporomoka kuelekea Chiavenna, mji ulioko mita 333 tu. Maloja ina upande mmoja! Anayetoka Chiavenna anapanda karibu mita 1,500 kwa kilomita 32 hivi. Anayetoka St. Moritz anashuka tu. Kwenye orodha za vipito wote wawili wameandikiwa "Maloja 1,815". Sasa hiyo namba imemsaidia nani?

Au Toblach, katika bonde la Puster, Italia ya kaskazini. Pale maji yanagawanyika: mto Rienz unashika magharibi, Drava unaanza safari yake ndefu kwenda mashariki. Huo ni mgongo halali wa kugawa maji, mita 1,200 na kitu, ila ukifika huoni mgongo wowote. Ni bonde pana la nyasi. Unavuka kutoka maji yanayoishia bahari ya Adria hadi maji yanayoishia Bahari Nyeusi bila kubadilisha gia. Kutoka hapo hadi Lienz, karibu kilomita 50, familia zenye watoto wadogo zinateremka kila kiangazi kisha zinarudi kwa treni.

Jambo la pili ninaloliangalia ni handaki. Kama chini ya kipito kumechimbwa handaki la magari, barabara ya zamani ya juu imeachiwa sisi na watalii wachache. Tazameni vipito vya Uswisi: San Bernardino ilipata handaki lake mwaka 1967, Gotthard mwaka 1980, na barabara za juu zikapumua. Simplon ni kinyume chake. Pale handaki ni la reli tu, lipo tangu 1906, kwa hiyo malori yote yanapita juu, kwenye mita 2,005, pamoja na wewe. Ukilinganisha Simplon na San Bernardino kwa urefu, tofauti ni mita 60 hivi. Kwa anayenyonga baiskeli ni dunia mbili.

Karibuni tujadili. Wa Stelvio najua mko njiani.

Kona48

Tumefika.

Mkuu hoja yako naielewa, ila unataka kutuondolea starehe. Mtu hasafiri maelfu ya kilomita ili atafute mahali ambapo mlima haupo. Stelvio imejengwa 1820 hadi 1825, mhandisi Carlo Donegani, kazi ya mikono na baruti, na mpaka leo ule ukuta wa upande wa Prad, kijiji inapoanzia, ukiutazama kutoka juu unashindwa kuamini kwamba ni barabara. Kilomita 24 na ushee, mwinuko wa wastani zaidi kidogo ya asilimia 7. Huo wastani ni rafiki kuliko wa vipito vingi vifupi. Barabara za zamani zilichorwa kwa ajili ya farasi na magari ya kukokotwa, kwa hiyo mwinuko wake hauna ukatili.

Na jina la mahali lina uzito wake. Nani atakusikiliza ukisema "nilivuka Toblach"?

NgojaWaje

Nimeweka kambi hapa. Wajuzi shukeni.

DadaWaBarabara

Habari zenu wakuu. Naomba nitumie uzi huu kuuliza jambo langu badala ya kufungua mwingine.

Mwakani nataka kutoka kusini mwa Ujerumani hadi Italia ya kaskazini. Baiskeli ya kawaida ya safari, mifuko minne, hema. Kwenye tambarare niko vizuri ila mlima mrefu sijawahi kuupanda na mizigo. Magari ndiyo nayaogopa kuliko mlima. Nimesoma kuhusu Brenner kwa sababu ndiyo ya chini, mita 1,370. Niende nayo?

MnyongaPedali

Karibu dada. Hapo ndipo namba za urefu zinapopotosha.

Brenner ni ya chini kweli. Lakini ni korido kuu ya usafirishaji kati ya kaskazini na kusini, na bonde la upande wa Austria ni jembamba: barabara kuu ya malori, reli na barabara ya zamani, vyote vimebanana mle mle. Malori mengi yako juu ya barabara kuu kwenye nguzo, wewe uko chini na magari madogo, na kelele haikuachi. Upande wa Italia mambo yanageuka kabisa. Kutoka Brenner kushuka hadi Gossensass njia ya baiskeli inapita kwenye tuta la reli ya zamani, mteremko laini usiohitaji hata breki nyingi. Kwa hiyo Brenner nayo ni nusu nzuri, nusu ya kuvumilia.

Kwako wewe napendekeza kipito cha Reschen, kati ya Austria na Italia, mita 1,500 na kidogo. Iko juu kuliko Brenner, ila bonde lake ni la kistaarabu. Unaupandisha mto Inn hadi Landeck, karibu mita 800, kisha unaendelea nao kuelekea kusini. Baada ya Pfunds utaona vibao vya barabara kuu inayopanda moja kwa moja kwenda Nauders kupitia korongo la Finstermünz. Iache. Ni nyembamba, ina paa za kuzuia mawe, na magari yanakwenda kasi. Wewe baki na mto, ingia Uswisi kidogo hadi Martina, mita 1,035. Pale daraja linakurudisha Austria na zinaanza kona 11 za kupanda msituni hadi Norbertshöhe, mita 1,400 na ushee. Hiyo ndiyo kazi yote. Mita zisizofika 400, kona zimepangwa vizuri, kivuli kipo, na kila kona ina mahali pa kusimama uvute pumzi. Ukitaka kukokota, kokota, hakuna atakayekuuliza.

Kutoka Nauders hadi Reschen yenyewe ni mwinuko wa kawaida. Ukishavuka, unakutana na ziwa, na ndani ya ziwa mnara wa kanisa umesimama peke yake majini. Kile kilikuwa kijiji cha Graun. Mwaka 1950 maji ya bwawa la umeme yalipandishwa yakaunganisha maziwa mawili ya asili, nyumba 163 zikazama, watu wakahamishiwa juu zaidi. Mnara ni wa karne ya 14 nao ukaachwa. Watu wanasimama pale, wanapiga picha, wanacheka. Mimi huwa naona ni mahali pa kunyamaza kidogo, lakini hayo ni yangu.

Baada ya hapo ni mto Adige hadi Meran, kilomita 80 hivi, kushuka kutoka mita 1,500 hadi 325. Njia ya baiskeli imetenganishwa na magari karibu muda wote, kati ya mashamba ya matufaha. Utapita Glurns, mji mdogo ambao ukuta wake wa kale bado unauzunguka wote. Lile bonde ni miongoni mwa mabonde makavu kuliko yote ya Alps, kwa hiyo hata mvua ikikufukuza kutoka kaskazini kuna uwezekano mkubwa ukaiacha kule juu.

Njia hiyo si ugunduzi wetu. Ni Via Claudia Augusta, barabara ya Warumi. Jenerali Drusus aliianzisha mwaka 15 kabla ya Kristo, mwanawe, Kaisari Klaudio, akaikamilisha mwaka 46 na 47 baada ya Kristo. Warumi walikuwa na mikokoteni, na wao pia walitafuta bonde kwanza.

Kona48

Na Prad, mwanzo wa Stelvio, iko palepale kando ya njia hiyo. Dada ukishuka na Adige acha mizigo Prad, panda Stelvio na baiskeli tupu, rudi jioni uchukue mifuko yako. Unapata vyote viwili.

Nimemaliza. Sigombani tena na mtu.

FundiSpoki

Kabla hamjampandisha mtu kokote tuzungumze gia. Naona mnachora ramani tu, na magoti ya watu hamyafikirii.

Chukua mtu wa kilo 75, baiskeli kilo 15, mizigo kilo 20. Jumla 110. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi anaweza kutoa wati 150 kwa saa kadhaa. Ukiondoa zinazopotea kwenye mnyororo, matairi na hewa, unabaki na uwezo wa kupanda mita 450 hivi kwenda juu kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 7 hiyo ni kasi ya kilomita 6 na nusu kwa saa. Ndiyo kasi yako halali. Usijidanganye na programu ya simu inayokuambia utafika saa sita.

Sasa tazama baiskeli nyingi zinavyouzwa: gia ndogo ya mbele meno 34, kubwa ya nyuma meno 28. Kila mzunguko wa pedali unasogea mita 2.6. Kwa kasi ile utakuwa unazungusha mara 41 kwa dakika. Hiyo ni kusukuma, si kunyonga, na ukisukuma hivyo saa mbili goti litakuambia lenyewe. Weka meno 26 mbele na 36 nyuma: mita 1.55 kwa mzunguko, mara 69 kwa dakika, kasi ile ile, nguvu zile zile, goti halina habari.

Watu wanatumia fedha nyingi kupunguza kilo moja kwenye baiskeli. Kilo moja kati ya 110 haifiki hata asilimia 1. Gia nyepesi ndiyo inayokupandisha.

DadaWaBarabara

Asante sana fundi. Nimeenda kuhesabu meno sasa hivi. 34 kwa 28. Kumbe ndiyo maana.

FundiSpoki

Ni ya kawaida kabisa dada. Anza na gia ya nyuma, kwa kuwa mara nyingi ni rahisi zaidi kubadilisha. Ila mwulize fundi wako kama kibadilishaji cha nyuma kinabeba meno 36, maana vingine mkono wake ni mfupi na mnyororo utakwaruza.

MzeeWaUpepo

Vijana mmesema vizuri, lakini bonde bila upepo ni hadithi nusu.

Siku ya jua kali milimani, miteremko inapata joto, hewa yake inapanda, na nafasi yake inajazwa na hewa inayovutwa kutoka tambarare. Kwa hiyo kuanzia kabla ya adhuhuri upepo unapanda bonde, unakomaa alasiri, unakufa jua likizama. Usiku unageuka, unashuka taratibu. Maana yake ni kwamba anayefuata maji kushuka, anayedhani ana starehe, ndiye anayepigwa usoni alasiri nzima.

Mahali pa kujifunzia hilo ni bonde la Rhône huko Valais. Watu wanatoka kipito cha Furka, mita 2,429, wanateremka na mto kwenda Geneva wakitegemea raha. Kutoka Brig hadi Martigny bonde limenyooka kama bomba, na upepo unaingia kwenye kona ya Martigny kisha unakwea wote kuja kwako. Nimeona watu wakikanyaga gia nyepesi kabisa kwenye njia ya kushuka.

Halafu mto ule ule ukishaingia Ufaransa na kuipita Lyon, hadithi inageuka. Kule kuna Mistral, upepo wa kutoka kaskazini unaofuata mto kwenda baharini, na ukishika kasi anayepanda na mto anaona dunia imemkataa. Mto mmoja, pepo mbili zinazopingana. Mwenye hesabu anapanda Valais alasiri, na chini ya Lyon anashuka.

Na hiyo Maloja ya mwanzisha uzi ina yake. Kwa kuwa upande wa Engadine, yaani bonde la juu la Inn, hauna ukuta, hewa inayopanda kutoka Bregaglia haisimami juu. Inamwagika ng'ambo na kushuka bonde la Inn mchana kutwa. Upepo wa Maloja unashuka bonde wakati kwingine kote unapanda. Ukielekea kusini kutoka St. Moritz saa tisa alasiri, barabara ni tambarare kweli, ila jiandae.

MnyongaPedali

Mzee wangu, hapo kwenye Maloja umenikamilishia. Upande usiokuwepo ndio unaofungulia upepo. Naongeza Danube kwa wanaoanza. Kutoka Passau hadi Vienna ni kilomita 320 hivi na mto unashuka mita zisizofika 150. Mteremko huo mguu hauuhisi. Bado karibu kila mtu anakwenda mashariki, kwa sababu upepo wa maeneo yale mara nyingi unatoka magharibi.

TaratibuTu

Swali la kijinga: kwa nini msipande treni?

Kona48

Swali umelijibu mwenyewe kwa kuliita hivyo.

TaratibuTu

Hapana mkuu, niko serious kabisa. Kuna njia ya Alpe Adria kutoka Salzburg hadi Grado baharini, kilomita 410 hivi. Unapandisha bonde la Gastein hadi Böckstein, na pale barabara inaishia kwenye mdomo wa handaki la reli la Tauern. Hakuna kipito cha baiskeli. Unaingiza baiskeli kwenye behewa, kilomita 8 gizani, unatokea Mallnitz upande wa pili. Hiyo ndiyo njia rasmi, vibao vinakuelekeza hivyo. Huwezi kuniambia nimedanganya.

Na baada ya Tarvisio unateremka Italia juu ya tuta la reli ya zamani, iliyoachwa ilipojengwa mpya. Madaraja ya chuma juu ya mto, mahandaki yenye taa zinazowaka ukiingia, vituo vya treni visivyo na treni. Garimoshi halikuwa likipenda mwinuko mkali, kwa hiyo njia nzima mwinuko ni asilimia 2 na kitu. Kwa mizigo sijaona raha kama ile.

MnyongaPedali

Namuunga mkono. Mtu mwenye mizigo ana haki ya treni. Hata pale Furka kuna handaki la reli tangu 1982, kutoka Oberwald hadi Realp. Theluji ikikukuta mwezi wa tisa utalishukuru.

Ila tahadhari moja kuhusu mito kwa ujumla, maana tumeisifia sana. Mto ukiingia kwenye korongo, njia inauacha. Bonde la Rhine ya juu, kati ya Ilanz na Reichenau, mto umekata korongo liitwalo Ruinaulta. Chini kuna reli na maji tu. Njia ya baiskeli inapanda upande wa kusini kupitia Valendas na Versam, juu chini, juu chini, huku ramani inaonyesha unafuata mto mkubwa kuelekea chini. Watu wanafika Chur wamechoka kuliko walivyochoka kwenye kipito cha Oberalp, mita 2,044. Kwa hiyo usitazame mto peke yake, tazama mistari ya mwinuko iko karibu nao kiasi gani pande zote mbili. Ikibanana, jua hapo mtaachana.

WakhanMpakaJuu

Mnabishana kuhusu mita 1,500? Njooni Pamir. Barabara kuu ya M41 huko Tajikistan, kipito cha Ak-Baital, mita 4,655. Hakuna handaki, hakuna treni, hakuna matufaha.

Lakini nakubaliana na hoja ya uzi, tena kule ndiko ina nguvu zaidi. Ukitoka Khorog una njia mbili. Ya kwanza inabaki na M41 moja kwa moja. Ya pili inafuata mto Panj kusini hadi Ishkashim kisha Langar, bonde la Wakhan, Afghanistan ukiiona ng'ambo ya maji muda wote, unawasalimia watu wa kule kwa mkono. Baada ya Langar unapanda Khargush, mita 4,344, ndipo unarudi M41. Kwenye karatasi ya pili ni ndefu na haina faida. Barabara ni mchanga na vijituta vinavyofuatana mpaka mikono inakufa ganzi. Bado wengi wetu tunaichagua, kwa sababu bonde lina vijiji, lina watu, lina maji, na kuna kulala pa chini kabla ya kwenda juu.

Hilo la kulala chini ndilo la muhimu. Juu ya mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja hapohapo. Pale Ak-Baital shinikizo la hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya lile la usawa wa bahari. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, usipande. Ukianza kuyumba unapotembea, au kukosa pumzi hata umekaa, shuka usiku huo huo, usisubiri asubuhi. Mimi Alps nazipenda kwa sababu kule mtu hahitaji kufikiria haya.

Kingine: eneo lile, mkoa wa Gorno-Badakhshan (GBAO), linahitaji kibali maalumu, mbali na viza kama unaihitaji. Usiende bila hicho.

NgojaWaje

Huyu wa Pamir ametisha. Endeleeni.

FundiSpoki

Tumepanda vya kutosha, tuongelee kushuka, maana huko ndiko watu wanaumia.

Kilo 110 zikishuka mita 1,000 zinatoa nishati ya kutosha kuchemsha lita 3 za maji. Nishati hiyo lazima iende mahali. Ukishuka taratibu huku umeshikilia breki muda wote, karibu yote inaingia kwenye breki. Kwa breki za mpira inaingia kwenye ringi, ringi inapasha tyubu, na tairi linaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Kwa breki za diski, pedi zinakuwa kama kioo na hazishiki tena. Mwenye woga ndiye anayeunguza breki, na huo ndio ukweli usiopendwa.

Dawa yake: kwenye sehemu iliyonyooka iache baiskeli iende kasi unayoimudu, kaa wima, kifua kipigwe na hewa, hewa nayo ni breki. Ukikaribia kona bana zote mbili kwa nguvu, kwa muda mfupi, kabla hujaingia, kisha achia. Breki zipate pumzi. Ukisikia harufu ya kuungua simama, usimwagie maji.

Na vaa kabla ya kushuka. Kila mita 1,000 ni tofauti ya nyuzi 6 na nusu hivi za joto, umelowa jasho, na upepo wa kasi ya kilomita 40. Vidole vikishaganda huwezi kubana breki. Glavu ziwe juu kabisa ya mfuko, zisiwe chini ya hema.

Kona48

Naongezea: kipito cha Splügen kushuka kwenda Chiavenna msikifanye giza likianza. Mita 2,113 hadi 333 kwa kilomita 30 hivi, kona zimechongwa kwenye ukuta wa mwamba, mahandaki membamba ya zamani, mengine hayana taa. Taa ya mbele na ya nyuma ziwake hata mchana. Mwenye mashaka, pale kijiji cha Splügen njia zinagawanyika: chukua San Bernardino, utatokea Bellinzona kwa amani.

Mmeona? Hata mimi naweza kushauri njia ya utulivu.

DadaWaBarabara

Nimeamua Reschen. Swali la mwisho wakuu. Maelezo mengi ya Via Claudia yanaanzia Füssen na kuvuka Fernpass kabla ya kufika Imst. Naona Fernpass ni mita 1,212 tu. Nianzie huko?

MnyongaPedali

Ukienda huko utakuwa na vipito viwili badala ya kimoja. Na Fernpass ndiyo mfano mwingine wa namba ndogo yenye shida kubwa: barabara kuu pale imejaa magari, na njia ya baiskeli iliyokwepa magari ni ya changarawe, ina vipande vikali ambavyo kwa mifuko minne utakokota. Wengi wanapakia baiskeli kwenye basi dogo kuvuka hapo.

Anzia Kufstein. Pale ndipo Inn inapotoka milimani kuingia tambarare za Ujerumani, mita 500 hivi. Fuata mto kupitia Innsbruck hadi Landeck, karibu kilomita 150, mwinuko hutauona. Alasiri za jua upepo wa bonde utakuwa mgongoni, kama alivyosema mzee, kwa hiyo huko hata ukichelewa kuamka si neno. Ukilala Nauders ndipo ubadilishe ratiba: ondoka mapema, uwe umepita ziwa kabla upepo haujaamka, ushuke na Adige asubuhi.

Miezi, Juni hadi mwisho wa Septemba. Reschen yenyewe haifungwi majira ya baridi kama vipito vya juu, ila njia ya baiskeli ya pembeni inaweza kuwa na theluji hadi masika. Na hizo meno 36 za fundi ziweke kabla ya Kufstein, si baada.